Desemba Ina Siku Mbili za Uhuru, Moja Hakuna Anayeipigia Saluti

Kila tarehe 9 Desemba Bongo ni mapumziko. Wengine wanaangalia gwaride kwenye TV, wengine wanalala tu mpaka mchana. Ni Uhuru wa 1961 huo, uhuru wa Tanganyika. Kesho yake watu wanarudi kazini kama kawaida, na wengi hawajui kabisa kwamba hiyo tarehe 10 nayo ni siku ya uhuru. Uhuru wa Zanzibar.

Ndiyo, Zanzibar ilijitawala kutoka kwa Mwingereza tarehe 10 Desemba 1963. Mume wa Malkia alikuja mwenyewe kushuhudia, halafu akaenda zake Nairobi maana Kenya nayo ilikuwa inapandisha bendera tarehe 12. Yaani jamaa alikabidhi nchi mbili ndani ya wiki moja! Tarehe 16 zote mbili zikaingia Umoja wa Mataifa siku hiyo hiyo.

Sasa mbona Wakenya wana Jamhuri Dei yao na Wazanzibari ya kwao imefutika?

Rudi kwenye uchaguzi wa Julai 1963. Chama cha Afro-Shirazi kilipata kura kama asilimia 54, ila viti 13 tu kati ya 31. Vyama viwili vilivyoungana dhidi yake vikabeba 18 na serikali juu. Hapo hapo Sultani akabaki kwenye kiti chake. Fikiria umepata kura nyingi halafu unaambiwa umeshindwa. Kwa wafuasi wa Afro-Shirazi ule ulikuwa uhuru wa wenzao, wala si wao.

Ukadumu siku 33 tu. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, Sultani akapanda meli yake akakimbia, akaishia Uingereza. Watu wengi waliuawa, hasa wenye asili ya Kiarabu, na zipo familia zilizokimbilia Oman ambazo hazijarudi mpaka leo. Kwa hiyo tarehe 12 Januari, ambayo ni mapumziko Tanzania nzima, kuna nyumba inashangilia ukombozi na kuna nyumba inakumbuka msiba, tena wakati mwingine ni ukoo mmoja. Hili halisemwi sana kwenye hotuba.

Yule Sultani alifariki Muscat tarehe 30 Desemba 2024, akiwa na miaka 95. Hazikupita wiki mbili, Zanzibar ikasherehekea miaka 61 ya Mapinduzi.