Polimerasi eta: mnakili mwenye makosa anayelinda ngozi yetu

Polimerasi eta ni kimeng'enya, yaani protini yenye kazi maalumu ndani ya seli za mwili. Kazi yake ni kunakili ADN, ambayo ndugu zetu wa Tanzania na Kenya huiita DNA, mahali ambapo jua limeiharibu. Hukosea kuliko vimeng'enya wakuu wa kunakili, lakini mtu aliyezaliwa bila hicho hupata saratani za ngozi mapema. Tunakieleza hapa kwa sababu mtoto mwenye upungufu huo anaweza kuzaliwa katika jamaa yoyote, na kati yetu ugonjwa usiojulikana huitwa upesi laana au uchawi.

Jinsi ADN inavyonakiliwa

Kabla ya kugawanyika, kila seli hunakili ADN yake yote. Maandishi hayo yana herufi nne tu, A, T, G na C. Tunapokea karibu herufi bilioni 3 kutoka kwa baba na bilioni 3 kutoka kwa mama. A hukaa mbele ya T, na G mbele ya C.

Wanakili wakuu ni polimerasi delta na polimerasi epsiloni. Wakiweka herufi isiyofaa, hurudi nyuma, huiondoa na kuweka inayofaa. Kwa hiyo makosa yao ni machache sana, chini ya 1 katika herufi 100,000.

Lakini uangalifu huo una shida yake. Mionzi ya jua inayoitwa urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, hufunga pamoja T mbili zilizo jirani. Mnakili mkuu akifika hapo hawezi kuzisoma, naye husimama. Kazi ikisimama muda mrefu, uzi wa ADN unaweza kukatika na seli kufa.

Hapo ndipo eta huitwa. Nafasi yake ya kazi ni pana, hivyo hupokea zile T mbili zilizofungamana kwa pamoja. Mbele yake huweka A mbili, ambazo ndizo herufi sahihi. Kisha huendelea hatua chache na kumwachia mnakili mkuu kazi. Eta hakiondoi uharibifu wenyewe. Kinawezesha kazi kupita, na vimeng'enya vya ukarabati huweza kuuondoa baadaye.

Upana huo huo ndio chanzo cha makosa. Kwenye ADN nzima isiyo na uharibifu, eta hukosea angalau mara 1 katika kila herufi mia chache, wala hakirudi nyuma kusahihisha. Ndiyo sababu seli hukitumia kwa muda mfupi tu. Hata hivyo, zipo seli za kinga ambazo makosa yake ni msaada kwao: hubadilisha kidogo maandishi ya kingamwili, ili mwili upate zile zinazoshika vijidudu vizuri zaidi.

Kilivyojulikana

Ugonjwa ulijulikana muda mrefu kabla ya kimeng'enya. Mwaka 1874, daktari Moriz Kaposi wa Vienna alieleza habari za wagonjwa ambao ngozi yao ilikauka na kujaa madoa. Ndiye yule ambaye jina lake limebaki kwenye saratani ya Kaposi, inayojulikana katika hospitali zetu. Ugonjwa huo uliitwa kseroderma pigmentosumu, na madaktari huuandika XP.

Mwaka 1968, James Cleaver wa San Francisco alionyesha kwamba seli za wagonjwa wa XP hushindwa kukarabati ADN iliyoharibiwa na jua. Lakini baadaye walionekana wagonjwa ambao ukarabati wao ulikuwa mzima. Aina yao iliitwa XP-V. Jibu lilipatikana mwaka 1999 kwa makundi mawili: la Chikahide Masutani na Fumio Hanaoka huko Japani, na la Satya na Louise Prakash huko Texas, Marekani. Wagonjwa hao walikosa polimerasi eta. Kikikosekana, vimeng'enya vingine hujaribu kushika nafasi yake, navyo hukosea zaidi mbele ya zile T mbili. Makosa hujilimbikiza mwaka hata mwaka, mpaka saratani inaanza.

Tofauti na ualbino

Tusichanganye magonjwa hayo na ualbino. Mwenye ualbino ana upungufu wa rangi inayokinga ngozi tangu kuzaliwa, lakini vimeng'enya vyake vya ADN ni vizima. Mtoto wa XP huzaliwa na rangi ya jamaa yake. Katika aina nyingi, madoa meusi hutokea usoni na mikononi katika miaka ya kwanza, na macho huumizwa na mwanga. Katika XP-V, saratani mara nyingi huchelewa mpaka ujana au utu uzima. Wote hao wanahitaji kukingwa na jua.

XP haiambukizi. Hutokea pale baba na mama, wote wawili wazima, wanapobeba kila mmoja nakala moja ya jeni yenye kasoro. Katika kila mimba, uwezekano wa mtoto kupata ugonjwa ni 1 kati ya 4. Si mama peke yake aliyeuleta, wala si baba peke yake.

Tufanye nini?

Hakuna dawa inayorudisha kimeng'enya hicho, lakini kinga husaidia sana. Mstari wa ikweta unapita Kivu ya Kaskazini, na Goma na Bukavu iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500. Mionzi huongezeka kadiri mtu anavyopanda, na mawingu hayaizuii yote. Mtoto avae nguo nzito za mikono mirefu, kofia pana na miwani inayozuia urujuanimno. Kazi za shamba na safari za kisima ziwe alfajiri sana au jioni. Kwa kuwa hapati jua, ale samaki na mayai kwa ajili ya vitamini D, na daktari amwangalie. Kidonda kisichopona au uvimbe mpya kwenye ngozi, midomo au jicho upelekwe hospitali mapema, kwa maana saratani ndogo hukatwa kwa urahisi.

Wachungaji, wazee na mama wa kanisa wanaweza kumwekea kiti mbali na dirisha, na kupanga mafundisho yake jioni. Zaidi ya yote, wamwondolee shutuma. Katika Yohana sura ya 9, wanafunzi walitaka kujua ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe kipofu, yake au ya wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili, kisha akamhudumia mtu huyo. Mzazi akileta kwetu mtoto mwenye madoa, tusianze kumtafuta aliyemroga. Tumtafutie kofia, kivuli na njia ya kufika kwa daktari.