Gadi Mwembamba wa Davidson

Tarehe 25 Juni 2009, drafti ya NBA, yaani hafla ambako timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, ilipofanyika Madison Square Garden, New York, Dar es Salaam ilikuwa na mtu wake ukumbini. Hasheem Thabeet, kijana wa jiji hilo mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3, aliitwa wa pili na kuchukuliwa na Memphis Grizzlies. Baada yake walifuatana magadi wanne: James Harden, Tyreke Evans, Ricky Rubio na Jonny Flynn. Wa saba alikuwa gadi mwingine, mwembamba, mwenye sura ya mtoto wa sekondari, kutoka chuo cha Davidson. Huyo ni Stephen Curry.

Leo ni rahisi kuwacheka wakuu wa timu waliomwacha. Lakini hawakuwa wajinga, na walikuwa wakifuata mazoea ya muda mrefu.

Drafti ilianza mwaka 1947, na kwa miongo mingi hakuna timu iliyoweza kumwona kila mchezaji wa kila chuo. Ndiyo maana mtu kama Marty Blake, aliyekuwa mkuu wa usakaji vipaji wa NBA, alithaminiwa sana: alikwenda kwenye vyuo ambavyo wengine walivisahau. Ambaye hakuonekana vya kutosha alipimwa kwa vitu vilivyo rahisi kupima, yaani kimo, uzito, mbio na jina la chuo. Gadi wa chuo kidogo alikuwa wa kwanza kuumia kwa vipimo hivyo. John Stockton wa Gonzaga aliitwa wa 16 mwaka 1984, akastaafu akiwa na asisti 15,806, rekodi ambayo bado inasimama. Steve Nash wa Santa Clara aliitwa wa 15 mwaka 1996 na Phoenix Suns, na mashabiki wa timu hiyo wakamzomea. Baadaye akawa mchezaji bora wa ligi mara mbili mfululizo, 2005 na 2006.

Curry alikuwa mtoto wa Dell Curry, mtupaji hodari wa NBA, na bado Virginia Tech, chuo alichochezea baba yake, hakikumpa ufadhili wa masomo. Akaenda Davidson, chuo kidogo cha North Carolina, kwa kocha Bob McKillop. Katika mechi yake ya kwanza, Novemba 2006, alipoteza mpira mara 13. Mechi iliyofuata, dhidi ya Michigan, alifunga pointi 32. Machi 2008 Davidson ikaziondoa Gonzaga, Georgetown na Wisconsin kwenye mashindano ya taifa, kisha ikafungwa na Kansas 59-57, pungufu ya kikapu kimoja tu. Msimu huo Curry alifunga mitupo 162 ya pointi tatu, rekodi mpya ya vyuo.

Hata hivyo shaka haikuisha. Alikuwa na futi 6 na inchi 2 bila viatu na uzito wa kilo 82 hivi. Kwa gadi mfungaji huo ni ufupi, na wengi hawakuamini kwamba angeweza kuichezesha timu. Alirudi chuoni mwaka wa tatu kwa sababu hiyo hasa: ashike mpira na kugawa pasi. Aliongoza nchi nzima kwa wastani wa pointi 28.6, akiongeza asisti 5.6 kwa mechi.

Mechi iliyosema mengi kumhusu, hata hivyo, ni ile ambayo hakufunga hata pointi moja. Novemba 2008 timu ya Loyola ya Maryland iliamua kumwekea walinzi wawili muda wote, awe na mpira au asiwe nao. Curry hakugombana nao. Alikwenda kusimama pembeni na walinzi wake wawili, akawaacha wenzake wanne wacheze dhidi ya watatu. Alijaribu mitupo mitatu tu mchezo mzima. Davidson ilishinda 78-48. Kwenye karatasi ya takwimu jina lake lilikuwa na sifuri, ilhali ushindi ule ulitokana naye.

Woga huo wa walinzi, wa kumfuata mtu hata asipogusa mpira, haukuwa na safu katika ripoti za wakati ule. Wala mchezo wenyewe haukuwa tayari kwake: msimu wa 2008-09 timu ya NBA ilijaribu kwa wastani mitupo 18 hivi ya mbali kwa mechi. Siku hizi ni zaidi ya 35. Mabadiliko hayo yalimpandisha Curry, naye akayachochea. Thabeet yalimkuta upande mbaya. Alikuwa ameanza kucheza kikapu akiwa na miaka kama 15, na sasa ligi ilikuwa ikimtaka mtu mrefu atoke chini ya goli akakimbizane na magadi. Mwaka 2014 safari yake NBA ilikwisha. Flynn naye, aliyewahi kucheza dakika 67 katika mechi moja ya chuo iliyoongezwa muda mara sita, aliangushwa na jeraha la nyonga.

Somo la Curry, kwamba gadi mtupaji wa mbali asidharauliwe, lilishikwa haraka, pengine haraka mno. Mwaka 2011 kila mtu alimtazama Jimmer Fredette wa BYU, gadi aliyekuwa akitupa kutoka mbali na kuongoza vyuo kwa wastani wa pointi 28.9. Aliitwa wa 10, akaishia Sacramento, na hakufua dafu: alikuwa mzito kumkwepa mlinzi, na kwenye ulinzi wapinzani walimwinda. Usiku uleule Sacramento walikuwa na nafasi ya mwisho kabisa, ya 60. Wakaitumia kumchukua Isaiah Thomas wa chuo cha Washington, futi 5 na inchi 9. Msimu wa 2016-17, akiwa Boston, Thomas alifunga wastani wa pointi 28.9, safari hii dhidi ya wanaume wa NBA.