Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Historia ya Seli Zilizozikwa Zikiwa Hai

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Figo ya mtu mwingine ikiingia mwilini mwako, hata kama imetoka kwa ndugu yako wa baba mmoja mama mmoja, nayo ina kamba yake mguuni: alama ambazo chembe nyeupe za damu huziona na kusema, "Huyu si wa kwetu." Hapo vita huanza.

Tangu Muhimbili ifanye upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Tanzania, Novemba 2017, sisi waandishi tumeandika sana kuhusu upasuaji wenyewe na fedha zinazookolewa kwa kutowapeleka wagonjwa India. Tunachokiruka ni maisha ya baadaye. Niliwahi kumuuliza jamaa mmoja aliyepandikizwa figo ni kitu gani kinamchosha zaidi. Hakutaja kisu. Alitaja saa: vidonge asubuhi, vidonge jioni, kila siku ya Mungu. Ukiviacha, mwili unaifukuza figo. Ukivimeza, kinga inalegea, na maambukizi na baadhi ya saratani zinapata mwanya. Hivi kweli hakuna namna ya kuufundisha mwili umkubali mgeni?

Swali hili ni la zamani kuliko wengi wetu. Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Peter Medawar na daktari wa upasuaji Thomas Gibson walikuwa Glasgow wakiwashughulikia watu walioungua. Waligundua kwamba ngozi ya mtu mwingine ikipandikizwa hukataliwa, na ukiipandikiza mara ya pili kutoka kwa mtu yuleyule hukataliwa haraka zaidi. Yaani mwili una kumbukumbu. Unaweka kinyongo.

Miaka 2 baadaye, huko Wisconsin, Marekani, Ray Owen akaripoti jambo la ajabu kuhusu ng'ombe. Ndama mapacha wasiofanana walikuwa na damu mchanganyiko, kila mmoja amebeba chembe za mwenzake, kwa sababu mishipa yao ya damu iliungana tumboni mwa mama. Na hawakupigana! Medawar na wenzake, Rupert Billingham na Leslie Brent, wakaifuata njia hiyo. Mwaka 1953 walitangaza kwamba ukimdunga panya angali tumboni chembe za panya wa ukoo mwingine, akikua ataipokea ngozi ya ukoo ule, huku akiendelea kuzikataa za koo nyingine. Huo ndio ustahimilivu: kinga haijalala, imemzoea mgeni mmoja tu. Mwaka 1960 Medawar akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Macfarlane Burnet wa Australia.

Lakini mgonjwa wa figo hawezi kurudishwa tumboni mwa mama yake. Desemba 23, 1954, Joseph Murray alipofanikiwa Boston kuhamisha figo kutoka kwa Ronald Herrick kwenda kwa Richard Herrick, siri ilikuwa moja: walikuwa pacha wa kufanana. Richard aliishi miaka 8 zaidi. Kwa sisi wengine tusio na pacha, zilikuja dawa. Kubwa kati yao ilikuwa siklosporini, iliyotoka kwenye kuvu wa udongoni na kuruhusiwa Marekani mwaka 1983. Dawa hizi zimeokoa maisha ya watu wengi mno. Ila hazifundishi kitu. Zinawafunga mikono askari wote, wema na wabaya.

Sasa basi, fikiria wazo hili: je, ndani ya mwili hakuna askari ambao kazi yao ni kuwazuia askari wenzao? Richard Gershon wa Yale alilitoa mwaka 1970. Likapokewa kwa shangwe, na kwa miaka zaidi ya 10 maabara nyingi ziliandika kuhusu "seli za kukandamiza". Wakadai hata kuna jeni inayozitambulisha, wakaiita I-J. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mbinu mpya za kusoma DNA ziliwezesha kwenda kuangalia pale I-J ilipodaiwa kukaa. Hapakuwa na kitu!

Samaki mmoja akioza wote wameoza. Jeni ilikuwa hewa, kwa hiyo na seli zikahesabiwa kuwa hewa. Wazo zima likatupwa, na kulitaja tu kukawa aibu. Wakati huohuo kuna wagonjwa waliokuwa wakiendelea kumeza vidonge.

Shimon Sakaguchi wa Japani hakulitupa. Alikuwa anafuatilia jambo dogo: panya akiondolewa tezi ya thaimasi siku ya 3 baada ya kuzaliwa, kinga yake hugeuka na kushambulia viungo vyake mwenyewe. Akipewa seli T za panya mzima, anapona. Maana yake ni kwamba humo mna walinda amani. Mwaka 1995 alionyesha ni zipi: zina alama iitwayo CD25. Akiziondoa, panya anajishambulia. Na ngozi ya mgeni inakataliwa kwa nguvu zaidi. Swali la Medawar lilikuwa limerudi mezani.

Wengi bado walisita. Kilichowamaliza ubishi kilitoka kwa panya wagonjwa waliotokea miaka ya 1940 katika maabara ya Oak Ridge, Tennessee. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell waliipata jeni iliyoharibika ndani ya panya hao, Foxp3, na ikaonekana kwamba watoto wenye ugonjwa adimu wa kinga uitwao IPEX wana kasoro kwenye jeni hiyohiyo. Mwaka 2003 ikathibitika kwamba Foxp3 ndiyo inayozitawala seli za Sakaguchi. Mwaka 2025 wote 3 wakapewa Nobel.

Leo watafiti huchukua seli hizi kwa mgonjwa, huzizalisha kwa wingi maabara, kisha humrudishia. Katika majaribio ya figo yaliyochapishwa mwaka 2020, tiba za namna hii zilionekana salama, na baadhi ya wagonjwa waliweza kupunguziwa dawa. Kupunguziwa, si kuachishwa. Tusidanganyane. Na kuna kinaya: dawa za jamii ya siklosporini hubana ishara ya kikemia ambayo walinda amani hawa nao wanaitegemea ili waishi. Tunawafunga kamba walewale tunaowahitaji.

Ninachojifunza mimi ni hiki. Waliodai I-J walikosea kuhusu jeni, lakini hawakukosea kuhusu swali. Jirani zao wakaona rahisi kuchoma nyumba kuliko kumtafuta panya, na zaidi ya muongo mmoja ukapita kabla ya 1995. Katika siasa zetu, vyuo vyetu na vyumba vyetu vya habari, ni maswali mangapi mazuri tumeyazika kwa sababu tu aliyeyauliza kwanza aliumbuka? Nipeni mifano.