Namna ya kuitambua kemshafti ya mtumba kabla ya kuifunga kwenye injini

Na Mwandishi Wetu, Arusha

KATIKA gereji za Arusha, kuanzia Unga Limited hadi Usa River, Land Rover na Toyota Land Cruiser za miaka mingi bado zinafufuliwa. Baadhi hubeba watalii, nyingine hubeba mazao kutoka miteremko ya Mlima Meru. Spea mpya za injini hizo ni adimu na ghali, hivyo wenye magari wengi hugeukia vipuri vilivyotolewa kwenye magari yaliyochinjwa.

Miongoni mwa vipuri hivyo, kemshafti ndiyo inayodanganya macho kuliko vyote. Mbili zinaweza kulingana kwa urefu na idadi ya nundu, lakini moja ikaiponya injini na nyingine ikaiua. Makala haya yanaeleza namna ya kuzitofautisha kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Kazi ya kemshafti

Kemshafti ni mhimili wenye nundu zinazofungua valvu za kuingiza hewa na za kutoa moshi. Huzunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Kimo cha nundu huamua valvu itafunguka kiasi gani, na umbo lake huamua itafunguka lini na kwa muda gani.

Nundu ikilika, valvu haifunguki vya kutosha na gari hukosa nguvu. Hapa Arusha dalili hiyo mara nyingi husingiziwa mwinuko. Ni kweli kwamba mji huu uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ikilinganishwa na pwani. Lakini upungufu huo haubadiliki. Gari lililokuwa likipanda vizuri kuelekea Momella mwaka jana na leo linashindwa, halina haki ya kuulaumu mlima.

Madhara mengine ni makubwa zaidi. Nundu inayolika humwaga unga wa chuma ndani ya oili, na unga huo huzifikia beringi za krenki. Na kemshafti isiyo ya injini husika inaweza kuifanya valvu igongane na pistoni, hasa katika injini za dizeli ambazo nafasi kati ya vitu hivyo viwili ni ndogo mno.

Ijue kwanza injini yako

Usianze na kemshafti, anza na injini. Magari mengi ya zamani yamekwisha kubadilishiwa injini, hivyo jina lililo kwenye bodi na hata maandishi ya kadi ya gari si ushahidi wa kutosha. Soma namba iliyogongwa kwenye bloku.

Pili, usiitupe kemshafti ya zamani hata kama imekatika. Hiyo ndiyo kipimo chako. Iende nayo sokoni, na kila utakachokiona kwenye ya mtumba kilinganishwe nayo.

Land Rover za zamani

Injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 ilianza kutumika katika Land Rover Series II mwaka 1958. Ya dizeli yenye ujazo uleule ilifuata mwaka 1961 katika Series IIA. Zote mbili zina silinda 4, kemshafti iliyo ndani ya bloku, nundu 8 za valvu na cheni ya taiming.

Kufanana huko ndiko mtego wenyewe. Katika petroli, meno yaliyochongwa kwenye kemshafti huendesha pampu ya oili na distribyuta. Katika dizeli, meno ya namna hiyo huendesha pampu ya oili na pampu ya kusukuma dizeli. Muuzaji anaweza kusema kwa nia njema kwamba ni kitu kimoja, lakini umbo la nundu za petroli si lazima liwe la dizeli. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, huonekana kwa kipimo na kwa namba.

Aidha, tapeti za injini hizi zina rola chini yake. Nundu iliyochongwa kwa ajili ya rola haitumiki na tapeti bapa.

Toyota: giya au belti?

Kwa Land Cruiser, swali la kwanza ni mahali kemshafti inapokaa. Injini za petroli za F, 2F na 3F zina silinda 6, kemshafti iko ndani ya bloku, nundu ni 12 na mwendo huletwa na giya. Dizeli ya 1HZ, iliyoanza mwaka 1990, nayo ina silinda 6 na nundu 12, lakini kemshafti yake iko juu, kwenye silinda hedi, na huendeshwa na belti.

Panapotumika giya mbili zinazogusana, kemshafti huzunguka kinyume cha krenki. Panapotumika belti au cheni, huzunguka upande uleule. Ndiyo maana mpangilio wa nundu hutofautiana hata pale idadi inapolingana. Mpangilio wa uwashaji wa petroli za F ni 1-5-3-6-2-4, na wa 1HZ ni 1-4-2-6-3-5.

Kwa Hilux na magari mengine ya dizeli ya ukoo wa L, yaani 2L, 3L na 5L, nundu ni 8 na kemshafti iko juu. Hata hivyo 2L za awali zilitumia roka, ilhali zilizofuata hazikuwa nazo. Kusema tu kwamba unataka "kemshafti ya 2L" hakutoshi.

Kama kipuri kimekuja na kasha au lebo ya Toyota, namba ya kemshafti kwa kawaida huanza na 13501 au 13511. Tarakimu mbili zinazofuata mara nyingi hutaja ukoo wa injini: 17 kwa ukoo wa 1HZ, 54 kwa ukoo wa L. Kwenye chuma chenyewe mara nyingi utakuta alama fupi ya kiwandani tu. Inakili na uilinganishe na ya zamani.

Soma chuma

Osha kemshafti kwa mafuta ya taa na uikaushe. Muuzaji asiyetaka ioshwe amekwisha kukupa jibu. Kisha kagua mambo haya:

1. Hesabu nundu na shingo, yaani sehemu za mviringo zinazozunguka ndani ya beringi.

2. Angalia mbele: idadi ya matundu ya boliti, mahali pa pini na mkato wa kii.

3. Tafuta meno ya kuendesha pampu ya oili na nundu ya ziada ya pampu ya mafuta, kama injini yako inavihitaji. Meno yaliyochongoka kama kisu yamekwisha.

4. Pitisha ukucha juu ya kila nundu. Mashimo madogo, ngazi au ncha iliyokuwa bapa ni sababu ya kuikataa.

5. Tafuta nyufa na alama za kuchomelewa. Kemshafti nyingi ni za chuma cha kusubu kilichokaushwa ugumu juu tu. Ikichomelewa kienyeji, ugumu huo hupotea.

Pima

Kwa maikromita, pima kila nundu kutoka ncha hadi mgongo, kisha pima upana wake kwa pembe mraba na kipimo hicho. Tofauti ya vipimo hivyo hukadiria kimo cha nundu. Kwa mfano, milimita 42 ukitoa 34 ni 8. Kama nundu zote za valvu za kuingiza hewa zinatoa 8 na moja inatoa 7.2, hiyo imelika. Pima za moshi peke yake, kwa kuwa huenda kimo chake ni tofauti.

Pima pia kila shingo. Katika injini nyingi zenye kemshafti ndani ya bloku, shingo hupungua ukubwa kutoka mbele kwenda nyuma ili mhimili upenye. Kwa sababu hiyo, kuiviringisha juu ya kioo kuona kama imepinda hakusaidii. Ilazwe juu ya vitalu viwili vya V, izungushwe, na geji ya mshale iguse shingo ya katikati. Kiwango kinachoruhusiwa kimo kwenye kitabu cha injini, nacho ni kidogo mno kwa jicho kukiona.

Tapeti na kuwasha

Tapeti bapa na nundu huzoeana. Usifunge tapeti zilizotoka injini moja juu ya kemshafti iliyotoka nyingine. Chukua tapeti zake zenyewe kwa mpangilio wake, au funga mpya.

Katika injini zenye kemshafti juu, vifuniko vya beringi ni vya silinda hedi hiyo hiyo na havibadilishwi nafasi. Uwazi wa valvu upimwe upya, na belti iwe mpya.

Kabla ya kuwasha, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikigoma, usilazimishe. Kwa tapeti bapa mpya, paka nundu mafuta mazito ya kufungia injini, na ikiwaka iache kwenye mizunguko takriban 2,000 kwa dakika kwa muda wa dakika 20 badala ya kuiacha sailensa.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Kemshafti ya mtumba si lazima iwe mbaya, na nyingine zimebakiza maisha marefu kuliko gari litakalozipokea. Lakini iliyokosa namba, isiyolingana na ya zamani au isiyoweza kupimwa, bora ibaki kwa muuzaji.