Mpapindi wa Pemba: Wataalamu wabadilishe majina, sisi tulihifadhi letu

KISWAHILI kina mnazi, mtende, mkindu, mkoma, mvumo, mchikichi, mwale na mpopoo. Hakina neno moja lililozoeleka la kuijumlisha miti hiyo yote. Ndiyo maana watafsiri wa vitabu vya sayansi hubabaika: huyu ataandika ‘mitende’, yule ‘minazi’, mwingine ‘michikichi’.

Wataalamu wa mimea wana jina lao, Arecaceae, linalokusanya zaidi ya spishi 2,500. Limetokana na Areca, jina ambalo Carl Linnaeus alilitumia kuutambulisha mpopoo mwaka 1753. Naam, ni popoo ileile inayotafunwa pamoja na tambuu katika mwambao wetu.

Lakini je, jina la kisayansi ndilo la kudumu kuliko letu? Tuutazame mti mmoja ambao kiasili hauoti kwingineko duniani ila kisiwani Pemba. Wapemba huuita mpapindi.

Mwaka 1962, Harold Moore wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliutangaza mti huo kwa jina Chrysalidocarpus pembanus. Mwaka 1995, Henk Beentje na John Dransfield waliuhamishia katika jenasi Dypsis, kwa kuwa waliona mipaka baina ya jenasi kadhaa za Madagaska haishikiki. Mwaka 2022, baada ya uchunguzi wa DNA, mti ukarudishwa kwenye jina lake la awali. Katika miaka 60, basi, umehama na kurudi.

Silitaji hili kuwacheka wataalamu. Uainishaji ni hoja kuhusu ukoo, na ushahidi ukibadilika sharti hoja ibadilike. Tena uainishaji ndio uliotufunulia kwamba jamaa wa karibu wa mpapindi wako Madagaska na Visiwa vya Ngazija. Bila elimu hiyo tungeuona kuwa mti wa kawaida tu, na pengine hakuna ambaye angehangaika kuulinda.

Na ulinzi unahitajika kwelikweli. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangamiza mikarafuu ya Unguja, Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, ikawa ndiyo kitovu cha karafuu. Misitu ikafyekwa kupisha mashamba. Leo makao makuu ya mpapindi ni Msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi mwa kisiwa, na mti huo umo katika Orodha Nyekundu ya spishi zilizo hatarini.

Sasa jiulize: mlinzi wa msitu akitaka kumwonya kijana mwenye panga, atatumia jina lipi? La 1962 au la 1995? Atasema mpapindi, na kijana ataelewa papo hapo. Iwapo kijana halijui jina hilo, onyo litapotea hewani. Atauona mti usio na jina, na mti usio na jina ni kuni tu.

Jina la kienyeji hubeba pia maarifa ya matumizi. Mkindu hutupa ukindu, ukindu ukisukwa huwa ukili, na kili zikishonwa pamoja huwa mkeka. Msukaji anajua jani lipi la kukata na lipi la kuacha ili mti uendelee kuishi. Maneno hayo yakifa, maarifa hayo nayo yanapungukiwa na pa kukaa.

Beentje huyohuyo, katika kitabu chake cha 1994 kuhusu miti ya Kenya kilichochapishwa na Makavazi ya Kitaifa, aliandika majina ya lugha zetu sambamba na yale ya Kilatini. Mgeni alitambua thamani yake. Sisi wenyewe, mara ngapi tunafungua kamusi ya Kiswahili na kukuta mti umefafanuliwa kwa maneno mawili matatu: ‘aina ya mti’? Aina gani? Unaota wapi? Unafanana na upi?

Wanaleksikografia wana wajibu hapa. Kila kidahizo cha mti kiwe na jina la kisayansi, kitajwe mahali unapoota na kazi unayofanya. Na walimu wa pwani wawatume wanafunzi kwa mababu na mabibi zao wakaulize majina hayo, maana wazee hawatatungoja.