Malungu ya Ufipa na Lua ya Rio

Mjini Sumbawanga nilimkuta kijana akiendesha basi katika mchezo wa kompyuta. Mchezo ulitoka ng'ambo, lakini basi lilikuwa na rangi za mabasi yetu yaendayo Mbeya. "Nimelipaka mwenyewe, mwalimu," alisema. Nikamwuliza kama angeweza kulifanya lisimame na kupakia abiria Laela. Akatikisa kichwa.

Rangi ni picha tu. Kubadili mwenendo wa mchezo kunahitaji zana iliyojificha ndani yake: lugha ndogo ya programu inayopokea maagizo ya mtu wa nje bila kuubomoa mchezo wenyewe. Mashuhuri kati ya lugha hizo ni Lua. Ilitumika katika Grim Fandango mwaka 1998, na ndiyo ambayo wachezaji wa World of Warcraft, uliotoka 2004, huundia nyongeza zao. Haikuzaliwa Marekani. Ilizaliwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, mikononi mwa Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes. Kuanzia 1977 hadi 1992 Brazili ilizuia kwa nguvu kompyuta na programu za nje. Katika mazingira hayo wahadhiri walizoea kujiundia zana, na Lua ilichipuka kutokana na kazi waliyoifanyia kampuni ya mafuta, Petrobras.

Ufipa nayo iliwahi kujiundia zana. Wayeyushaji wa chuma walijenga malungu, matanuru marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Kisha chuma kikasafishwa katika vintengwe, matanuru madogo. Mkulima aliliona jembe tu. Majembe ya viwanda vya Ulaya yalipoenea enzi ya ukoloni, malungu yakazimika. Ujuzi ulikuwapo, soko ndilo lililotoweka.

Nisieleweke kwamba nahubiri kufunga mipaka. Brazili iliulipia ulinzi wake kwa kompyuta ghali na zilizopitwa na wakati. Lua ilidumu kwa sababu ilikuwa na mteja wa kweli tangu siku ya kwanza, kisha waundaji wake wakaitoa bure kwa ulimwengu.

Hapo ndipo penye deni letu. Sisi wahadhiri tunawapima wanafunzi kwa ustadi wa kutumia zana za wengine, na ofisi za umma hununua nje hata mifumo ambayo vyuo vyetu vingeweza kuijenga. Kila ununuzi wa namna hiyo unazima ilungu jingine. Yule kijana amekwisha kupaka basi rangi. Anasubiri mteja, na mwalimu.