Fumbo la Kungwi katika Gitaa la Remmy Ongala

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba hiyo alisikitika kwamba wengi wetu tulijua kucheza rumba, chachacha, twisti na roki, lakini ni wachache waliojua, au hata waliopata kusikia, gombe sugu, mangala, nyang'umumi, kiduo na lelemama. Maneno hayo yamekaririwa mara nyingi shuleni. Kinachosahauliwa ni kwamba katika hotuba hiyo hiyo Mwalimu alionya pia kuwa taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni taifa la wajinga, mradi kujifunza huko kusitufanye tutupe kilicho chetu.

Kutokana na sehemu ile ya kwanza, wengi tulijenga uzio. Upande mmoja tuliiweka ngoma, tukaiita utamaduni. Upande wa pili tuliliweka gitaa, tukaliita anasa. Mwezi Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku mjini Dar es Salaam kwa hoja kwamba unawapotosha vijana. Nia ya walinzi wa utamaduni ilikuwa njema. Hata hivyo, swali moja halikuulizwa vya kutosha: msikilizaji anapoguswa na mwimbaji hata akabadili mwenendo wake, ameguswa na chombo, au ameguswa na namna maneno yalivyomfikia? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kumtazama mwanamuziki mmoja, Remmy Ongala, na kwa kuanzia mahali ambapo huenda msomaji hakutarajia, yaani Ruaruke.

Ruaruke iko Kibiti, katika nchi ya Wandengereko, kwenye ukanda ule wa mpunga, minazi na mikorosho unaopakana na delta ya mto Rufiji. Huko, kama katika sehemu nyingi za Pwani, elimu ya utu uzima haikutolewa kwa hotuba. Mvulana alipelekwa jandoni na msichana aliwekwa unyagoni, na somo lilikuja kwa wimbo. Kungwi hakumwambia mwali jambo la mwili kwa jina lake. Alilivisha vazi la kitu cha nyumbani, kama vile kinu, mtungi, jembe au mlango, akaliimba, na wenziwe wakapokea. Mwali aliurudia wimbo huo hata ukamkaa kichwani, kisha akafumbuliwa maana. Sisi wavulana tulizisikia ngoma hizo kwa mbali usiku, tukayakamata maneno tusiyoyaelewa, na tukakatazwa kuuliza.

Njia hiyo ina hekima tatu. Kwanza, fumbo hulifanya jambo la aibu liweze kusemwa mbele ya watu bila kumvunjia mtu heshima. Pili, mapokezi humfanya msikilizaji awe msemaji: aliyeitikia wimbo mara ishirini hawezi kudai kwamba maneno yale si yake. Tatu, mwili unaocheza hukumbuka kile ambacho sikio peke yake lingekisahau.

Historia ya taifa letu inathibitisha nguvu hiyo. TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954 ilikuwa na wanachama wanawake wachache mno. Mwaka uliofuata kazi ya kuwaita wanawake alikabidhiwa Bibi Titi Mohamed, ambaye wakati huo alikuwa mwimbaji wa kundi la ngoma liitwalo Bomba. Yeye hakuanza na maandishi. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam, mahali ambapo sauti yake ilikwisha julikana na kuaminiwa, na katika muda wa miezi michache maelfu ya wanawake wakachukua kadi. Njia iliyompitisha mwali unyagoni ndiyo iliyolipitisha neno la uhuru.

Na tuje sasa kwa mwenye gitaa. Remmy Ongala alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki ya Kongo. Baba yake alikuwa mwanamuziki wa jadi. Inasimuliwa kwamba mama yake, akiwa amekwisha kufiwa na watoto, alikwenda kwa mganga, akapewa sharti kuwa mtoto atakayezaliwa asinyolewe nywele. Na mtoto akazaliwa akiwa na meno. Kutokana na kisa hicho watu walimwita Dokta, na kwa miaka mingi alizifuga nywele zake zikawa misokoto mirefu. Aliwapoteza wazazi wake mapema, akajifunza gitaa, akapiga katika bendi mbalimbali, na mwaka 1978 akaja Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy. Baadaye aliingia Matimila, bendi iliyokuja kuitwa Super Matimila, na hapo ndipo jina lake lilipoenea nchi nzima. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

Alikuja na gitaa la umeme, ala ileile iliyopigwa na wanamuziki wa roki wa Ulaya na Marekani. Mwaka 1988 alisafiri hadi Uingereza kupiga katika matamasha ya WOMAD, na santuri zake mbili zikatolewa huko na kampuni ya Real World iliyoasisiwa na Peter Gabriel, mwanamuziki wa roki. Ya kwanza, ya mwaka 1989, ilipewa jina la Kiingereza lenye maana ya nyimbo za mtu maskini. Wageni walimpenda kwa mlio wa magitaa yake. Wenyeji walimpenda kwa jambo jingine. Aliimba juu ya mnyonge asiye na haki, juu ya mauti yanayochukua bila kuchagua, juu ya njaa na fedha, na akaimba kama anayezungumza na jirani yake barazani. Mara nyingi katikati ya wimbo aliacha kuimba, akasema na watu, akawauliza, akawatania. Magitaa yakaendelea chini kwa chini yakimsubiri. Kisha muziki ukachemka, na ukumbi mzima ukapokea.

Ewe msomaji, linganisha picha hiyo na ile ya unyagoni. Yuko kiongozi anayetoa na wenziwe wanaopokea. Yako maneno ya mafunzo yanayotangulia, na mchezo unaoyafuata na kuyapigilia. Vyombo vimebadilika, lakini mpangilio ni uleule.

Jaribio kubwa la ufundi huo lilikuja na UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini mwetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Huko watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa wakati ule. Kwa miaka kadhaa tuliuzungumzia kwa minong'ono. Mtu alipofariki ilisemwa kwamba aliugua kwa muda mrefu, na mazungumzo yakaishia hapo. Vijana mitaani nao waliziokota herufi za jina UKIMWI kwa Kiingereza, AIDS, wakazitafsiri kwa mzaha kuwa Acha Iniue Dogodogo Siachi. Huo ulikuwa ucheshi wa watu wenye hofu. Sikio la kufa halisikii dawa. Lakini pia ni haki kuuliza kama dawa yenyewe ilitajwa kwa lugha ambayo sikio liliizoea.

Karibu na mwaka 1990 Remmy alitoa wimbo wa "Mambo kwa Soksi". Alichukua kitu cha kawaida kabisa, soksi, kitu anachokivaa mwanafunzi na askari, akakifanya fumbo la mpira wa kondomu, na akawaasa watu wajikinge. Wimbo haukupigwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa kuwa ulihesabiwa kuwa unavuka mpaka wa adabu. Katazo hilo lilikuwa zito kuliko linavyoonekana leo. Redio za watu binafsi zilikuwa hazijaanza, na Tanzania Bara haikuwa na televisheni kabla ya mwaka 1994. Wimbo usiopigwa na redio ya taifa ulikuwa kama umefungiwa ndani.

Hata hivyo ulitoka. Ulitoka kumbini, ambako bendi iliupiga mbele ya watu, na ulitoka kwa kaseti zilizonakiliwa kutoka mkono hadi mkono na kusafiri na mabasi. Neno soksi likaingia vinywani mwa watu kwa maana yake mpya, likasemwa sokoni, kijiweni na hata kwenye zahanati na watu ambao kamwe wasingetamka neno la kitabibu.

Hapana budi niungame jambo. Wakati ule nilikuwa kijana, mtumishi mpya wa serikali, ninayeanza kujaribu utungo wa mashairi. Nilikuwa miongoni mwa waliosema ofisini kuwa wimbo ule ni aibu kwa Kiswahili. Nilipenda lugha iliyonyooka, mizani kamili na vina vilivyotulia, na nikaona kwamba mtu huyu anaivuta lugha yetu mtaroni. Baadaye nilikwenda likizo Ruaruke. Dukani palikuwa na redio ya kaseti inayotumia betri, zile betri tulizozianika juani zipate nguvu kidogo, na wimbo uliokuwa ukipigwa ndio ule ule. Vijana walikuwa wakicheka. Pembeni aliketi bibi mmoja mzee, kungwi aliyewafunda wasichana wa kijiji kwa miaka mingi. Nilidhani atakemea. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza mwimbaji ni mtoto wa nani, kisha akasema kwamba mtu huyu amefundwa, maana anajua kufunika.

Nililichukua neno hilo, na tangu hapo halijaniacha. Mimi niliyesoma nilisikia matusi. Yeye ambaye hakuingia darasani alisikia fumbo. Nilikuwa nimeusikiliza wimbo kwa masikio ya mlinda mlango. Yeye aliusikiliza kama fundi anayetazama kazi ya fundi mwenzake, akaitambua mbinu aliyoitumia maisha yake yote. Na jambo lililokuwa hatarini halikuwa heshima ya lugha tu. Vijana waliocheka dukani siku ile, wengine tuliwazika kabla hawajafikisha miaka thelathini. Sidai kwamba wimbo mmoja ungewaokoa wote. Nasema tu kwamba ulikuwa wa kwanza kuwasemesha juu ya hatari ile kwa lugha waliyoweza kuirudia wenyewe, nasi tulioshika kalamu tulikuwa tukijadili adabu.

Hapa ndipo tunapopata jibu la swali letu. Mpenzi wa muziki hafuati mwimbaji kama kondoo anavyomfuata mchungaji. Anachopokea ni maneno ya kulisemea jambo ambalo tayari limo moyoni mwake na limekosa mlango wa kutokea. Mnyonge aliyemsikia Remmy hakufundishwa kwamba ameonewa, kwa kuwa alikwisha kulijua hilo; alipewa namna ya kulisema hadharani akiwa amesimama wima, pamoja na wenzake, huku akicheza. Ndiyo sababu watu walimwona kuwa wao. Eneo alilokaa Dar es Salaam likapata jina kwa midomo ya abiria na makondakta, bila tangazo la ofisi yoyote, na hadi leo kituo kinaitwa Sinza kwa Remmy. Mwishoni mwa maisha yake, baada ya kuugua, alinyoa nywele zake, akaacha dansi, akageukia nyimbo za Injili. Wapo waliosikitika, lakini wengi waliendelea kumsikiliza, maana waliyempenda alikuwa msema kweli, hata aliposimama mahali pengine. Alifariki tarehe 13 Desemba 2010.

Kwa walimu na wanafunzi watakaosoma makala haya, nina ombi moja. Tumezoea kupeleka darasani shairi lililochapwa kitabuni na kuuacha wimbo nje ya mlango. Chukueni wimbo mmoja wa dansi wa zamani uliopendwa na wazee wenu. Waulizeni waliusikia wapi, walicheza na nani, na ni neno gani walilibeba kwenda nalo nyumbani. Kisha nendeni kwa mabibi na mababu waliopitia jando na unyago, mkaombe kufundishwa, kwa adabu na kwa kiasi watakachoridhia, jinsi fumbo linavyofungwa na linavyofumbuliwa. Linganisheni. Mtaona ni mangapi ya kwetu yalihamia katika gitaa bila kupiga hodi.

Kazi hiyo haiwezi kungoja sana. Yule bibi wa Ruaruke ameshazikwa, na nyimbo alizozijua nyingi amekwenda nazo. Mimi, niliyekuwa na kalamu na karatasi, nilikaa naye dukani siku nzima nisimwombe hata mmoja.